Besi ya Inchi Ishirini na Moja

Kabla hatujanunua gitaa lolote, binti yangu alikuwa akifanyia mazoezi kwenye ubavu wa kitanda. Alichukua chaki yangu ya kushonea, akachora mistari minne mirefu kwenye ubao, akaikata kwa mistari mingine mifupi, kisha akakaa sakafuni. Mkono wa kushoto unatembea juu ya ubao, wa kulia unachezacheza hewani, na mdomo ndio unaotoa sauti: dum, dum, du-dum. Mimi niko kwenye cherehani namtazama kwa jicho la pembeni. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba anapiga kitanda. Ningekuwa na raha siku zile ningecheka.

Mtaani wanamwita Sindano. Ni mwembamba na mfupi, na mama yake ni fundi cherehani, kwa hiyo aliyempa jina hakuumiza kichwa. Baba yake yupo, ana nyumba yake nyingine na watoto wengine, tukikutana njiani tunasalimiana vizuri. Nyumbani tuko wawili, chumba kimoja na kijisebule, na ukuta wa mbao unaotutenganisha na jirani yetu ambaye kazi yake ni ulinzi. Usiku analinda ghala la watu, mchana analala. Akikohoa, mimi ndiye ninayeitika.

Kazi nyingine Sindano alijaribu. Alikaa dukani, akakaa kiwanda cha sabuni, kote aliondoka kabla hawajajua jina lake. Mahali pekee alipotulia ni kwenye bendi. Miaka minne amepiga besi, lile gitaa la nyuzi nne la sauti nzito, kwenye bendi inayotumbuiza hotelini, na mwenye bendi tunamwita Kamanda, maana hata akiomba chumvi anaamrisha. Kamanda ana sheria moja ambayo haijawahi kupinda: ala haitoki stoo. Vyombo vyote ni vyake. Mpigaji anakuja mikono mitupu, anapiga, anarudisha, mlango wa chuma unafungwa, anarudi kwake mikono mitupu. Ndiyo maana mwanangu, kwa miaka minne yote hiyo, hakuwa na besi yake.

Mlango huohuo wa chuma ndio uliomwumiza. Siku ya upepo ulijipiga, mkono wake wa kushoto uko kwenye fremu. Vidole viwili, cha pete na cha mwisho. Wiki saba alifungwa bandeji. Cha pete kilipona. Cha mwisho kilipona kwa macho tu. Ukikitazama ni kizima, lakini hakikunjiki vizuri wala hakina nguvu, kimekaa pale kama kidole cha mtu mwingine. Yeye hakuniambia. Niliona mwenyewe anavyoshika kikombe.

Kamanda hakujua hilo. Alimwuliza, "Umepona?" Naye akajibu, "Nimepona," mkono uko mfukoni.

Ndipo ikaja ile safari. Bendi ilipata mkataba wa miezi sita, kuzunguka hoteli za miji mbalimbali, nyimbo mpya thelathini na mbili. Kamanda akamwambia mbele ya wenzake: "Sindano, umekaa nje muda mrefu. Nakupa siku kumi na nane. Siku hiyo utapiga nikusikie. Ukishindwa nina mtu." Mtu huyo alikuwa tayari ameshaanza kuonekana mazoezini, kijana mmoja mpole wanayemwita Miwani.

Siku kumi na nane, nyimbo thelathini na mbili, na kidole kimoja kimelala. Na kitanda hakina sauti.

"Mama, nahitaji besi," akaniambia. "Yoyote. La sivyo nafasi imekwenda."

Sikumwuliza mara mbili. Nilikuwa na akiba ndogo ya kununulia mota ya cherehani ili miguu yangu ipumzike. Miguu ikaambiwa isubiri.

Tulikubaliana mambo mawili kabla ya kutoka. La kwanza, isiwe ya umeme. Besi ya umeme peke yake ni kama redio isiyo na betri, inataka spika, na kwetu umeme unakuja ukipenda. Tena sauti ya besi ina tabia mbaya. Wewe unayepiga husikii sana, lakini jirani inamwingia kifuani. La pili, iwe ya kusafiri nayo, maana huko njiani ala za Kamanda zitafungwa ndani ya masanduku, na yeye lazima aendelee kujinoa garini na vyumbani. Kwa hiyo tulitafuta besi ya mbao, yenye tumbo lake, inayojitosheleza.

Duka lilikuwa chini ya ngazi za jengo la ofisi, jembamba kama korido, magitaa yananing'inia juu mpaka unainamisha kichwa. Muuzaji alikuwa na kucha ndefu mkono mmoja tu.

"Karibuni. Gitaa la kanisani au la kubembelezea wachumba?"

"Besi," Sindano akasema. "Ya mbao, isiyotaka umeme. Na iwe ya bei yetu."

"Bei yenu ndiyo ipi, dada?"

Nikamtajia mimi. Akanitazama kama mtu aliyeombwa figo.

"Mama yangu, kwa hiyo bei nina mbili. Hii ya mbele usiishike, ni ya kutazama tu." Akaipita moja inayong'aa kama sahani mpya. Akashusha nyingine, kubwa, nyeusi, tumbo lina kiraka, na shingo inaonekana iliwahi kuvunjika ikaunganishwa. "Hii ni mkongwe. Imepigwa, imeanguka, imepona. Sauti yake ni ya ng'ombe dume."

Sindano akaipakata. Ilimfunika mpaka nikaona kichwa na magoti tu. Akabonyeza uzi wa kwanza. Nyuzi zilikuwa nene na zimekaa juu sana ya shingo, mpaka uzishushe zifike chini unafanya kazi ya mtwangaji. Alipiga sauti nne. Mimi sikusikiliza sauti. Nilitazama mishipa ya shingo yake, nikatazama kile kidole cha mwisho kinavyotetemeka pembeni kama mguu wa kifaranga.

"Nyingine iko wapi?" nikauliza.

Akaitoa katikati ya magitaa ya watoto. Ndogo, nzuri, ya rangi ya asali. Nyuzi zake hazikuwa za chuma, zilikuwa kama mpira, nene kuliko kamba ya kiatu lakini laini. Sindano akaibonyeza kwa kidole kilekile kibovu, na ikalia. Dum. Sauti nzito kutoka kwenye kitu ambacho ungekibeba kwapani.

"Hii unaitia kwenye begi la nguo, unapanda nayo gari lolote," muuzaji akasema. "Ila, mama, niseme ukweli. Ni fupi."

"Na yeye ni mfupi," nikamjibu.

Tukacheka wote watatu. Kicheko hicho nakikumbuka, maana ndicho kilichotumaliza.

Nikatoa utepe wangu begani, huwa hauondoki. Nikampima binti yangu kutoka bega mpaka kiganja, nikampima upana wa vidole vikiwa vimetanuliwa. Nikapima ile nyeusi, nikaona mkono utavutika. Nikapima ile ndogo, kutoka kichwani mwa shingo mpaka pale nyuzi zinaposhikwa tumboni. Inchi ishirini na moja. Ilimkaa kama blauzi niliyoikata mwenyewe.

"Mama, unanunua gitaa au unashona suruali?" muuzaji akauliza.

"Kitu kinachokaa mwilini kinapimwa, kaka. Miaka thelathini nafanya kazi hii, hakuna aliyerudisha nguo."

Sindano alisitasita. "Mama, hii si kama ya bendi."

"Nyuzi si nne? Majina yake si yaleyale?"

"Ni yaleyale."

"Basi."

Aliitazama ile nyeusi mara moja tena. Halafu akaangalia kidole chake, na nikaona mabega yanashuka, kama mtu aliyeambiwa leo hapigwi sindano. Tukachukua ile ndogo.

Wiki mbili zilizofuata nilimshukuru Mungu kila nilipokanyaga cherehani. Asubuhi anaanza, mchana anapumzisha mkono kwenye maji ya uvuguvugu, jioni anaendelea. Nyimbo tatu, nyimbo tisa, nyimbo ishirini. Kidole kikaanza kukunjika kidogo, si sana, ila kikawa kinajua kinaitwa. Mlinzi naye alinisimamisha bombani akasema, "Huo muziki wenu mdogo unanibembeleza. Mke wangu wa zamani hakuwahi kuniimbia hivyo." Nikaanza hata kufikiria safarini atahitaji masweta mangapi.

Zilipobaki siku nne, Kamanda aliniita nikapime mashati ya bendi ya safari. Akamwambia na Sindano aje, ajikumbushe saa moja na vyombo vya stoo. Tukaenda pamoja. Ukumbi wao ni ghala la zamani, sakafu ya saruji, viti vya plastiki, nyaya kila mahali. Nikampima mpiga ngoma, nikampima wa kinanda, nikampima mwimbaji, nikaandika kwenye daftari langu. Nilipomaliza, Kamanda akaelekeza kidevu kwa Miwani.

"Mpime na huyu."

"Huyu naye anakwenda?"

"Mama, wewe pima tu."

Miwani akanyanyua mikono, akaniangalia kwa aibu. "Samahani, mama," akasema kwa sauti ndogo. Nikampima kifua, nikaandika namba ambayo baadaye ilibidi niiulize tena.

Nyuma yangu nikasikia Sindano ameshika besi ya bendi. Mpiga ngoma akahesabu, wakaanza.

Mimi si mtu wa muziki, lakini mtu akivaa viatu vya kushoto miguu yote miwili unamwona. Sauti zilikuwa zinatoka pembeni. Kila mkono wake ulipokimbia kwenda mbali, uliishia njiani, unakanyaga mahali pasipo. Akaacha, akaanza upya. Pakawa palepale.

"Sindano, umehamia wimbo gani, tukufuate?" mpiga ngoma akamtania.

Wengine wakacheka. Kamanda hakucheka. Miwani alitazama chini.

"Mkono umeshikwa na baridi," Sindano akasema. Uso ulikuwa umemshuka, jasho linamtiririka, na nje kulikuwa na jua la kupasua mawe.

Walipokwenda kunywa maji nikaisogelea besi ile juu ya kiti. Nikashusha utepe kutoka begani, nikaupima uzi kutoka kichwani mpaka tumboni. Inchi thelathini na nne. Nikarudia. Thelathini na nne. Nikatazama vile vyuma vidogo vilivyolazwa shingoni, vinavyomwambia mpigaji hapa ndipo sauti ilipo. Kwenye ile yetu ya nyumbani, kutoka chuma hadi chuma ni hatua ya mtoto. Hapa ni hatua ya mtu mzima. Wiki mbili nzima mkono wa mwanangu ulikuwa umejifunza kutembea hatua fupi, na ulikuwa umejifunza vizuri.

Nilichagua besi kama ninavyokata nguo, ili imfae yeye. Haikunijia akilini kwamba siku ile mbele ya Kamanda hakuna atakayeipima besi imfae. Ni yeye ndiye atakayetakiwa kuifaa besi.

Tulipofika nyumbani akaiweka ile ndogo juu ya meza, taratibu sana, taratibu ya kuogopesha.

"Ulininunulia ya mtoto, Mama."

"Nilikuonea huruma kidole."

"Nilikuambia si kama ya bendi."

"Uliniambia. Lakini na wewe ulikubali."

"Nilikubali kwa sababu ulikuwa unaniangalia!" akasema, na sauti ikakatika. "Unaniangalia kila saa. Nikinywa chai unaangalia kidole. Nikilala unaangalia kidole. Ningesema nini pale?"

Kweli naangalia. Tangu akiwa mchanga naangalia kama anapumua.

Tulirudi dukani mbio mbio, nusura watufungie mlango usoni.

"Nilisema ni fupi," muuzaji akasema hata kabla hatujasalimia.

"Ulisema, kaka. Ni mimi niliyecheka. Tubadilishie na ile nyeusi."

"Mama, ile ndogo imeshatumika."

"Na ile kubwa imeshavunjika shingo."

Akakuna kichwa kwa zile kucha. Nikapima uzi wa ile nyeusi kabla hajasema neno. Thelathini na nne. Nikaona namna magitaa yake yalivyojaa vumbi, nikamwambia nitamshonea mifuko sita ya turubai, yenye zipu na mkanda wa begani. Akaniuliza mishono itakuwa miwili? Nikasema mitatu. Akaitwaa ile ndogo.

Tena alifanya jambo la utu. Alilegeza nyuzi za ile kubwa, akachomoa kijipande cha mfupa kinachozinyanyua pale tumboni, akakisugua kwenye msasa, akakirudisha, akajaribu, akasugua tena. Alipomaliza nyuzi zilikuwa zimeshuka karibu na shingo. "Zaidi ya hapo zitapiga kelele," akasema. "Dada, usimlazimishe huyo mdogo wa mwisho. Tumia watatu, sogeza mkono mzima."

Kumbe na yeye alikuwa ameona. Kila mtu mwenye macho alikuwa anaona, isipokuwa yule mmoja tuliyekuwa tunamficha.

Siku tatu zilizobaki sitaki kuziishi tena. Nyumba ilijaa lile dubwana. Likilia, vikombe vinaitikia kabatini. Asubuhi ya kwanza ukuta uligongwa.

"Mama Sindano! Huyo ng'ombe mmemnunua lini?"

"Siku tatu tu, kaka, nakuomba!"

"Siku tatu sijalala, nitakamata mwizi au mwizi atanikamata mimi?"

"Nitakushonea koti!"

Kugonga kukakoma. Halafu: "Lenye mifuko ya ndani?"

"Ya ndani na ya nje!"

Nikamsikia anaburuta godoro kulipeleka upande wa pili.

Lakini hakuna koti la kuushonea mkono. Ngozi za ncha za vidole zilichubuka siku ya kwanza, siku ya pili zikatoa damu. Alizifunga plasta, plasta zikateleza, akazitoa. Mkono uliokuwa umezoea hatua fupi ulikuwa unabishana naye; anauambia nenda, unasimama kulekule. Ilimbidi ausahaulishe kwanza, ndipo aufundishe. Jioni ya siku ya pili kile kidole cha mwisho kilikuwa kimevimba kama kimeumwa na nyuki. Nikamletea maji, akaweka mkono ndani, akafumba macho, na machozi yakatoka bila uso kubadilika.

"Nitakwenda kwa Kamanda," nikamwambia. "Nitamweleza. Akupe hata wiki moja. Mkono uliumizwa na mlango wake mwenyewe."

Akafumbua macho. "Ukienda, Mama, nitajua huamini kama naweza."

"Si hivyo."

"Ni hivyo. Atasema kilema hapandi gari langu. Kesho yake Miwani anavaa shati langu. Usiende."

Asubuhi nilifika mpaka kona ya ghala la bendi, nimejifunga kanga vizuri, maneno yamepangwa. Nikasimama pale kama niliyesahau nilichotumwa. Nikaona mlango ule wa chuma, jiwe limewekwa chini ili upepo usiufunge. Nikarudi. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Siku yenyewe nilikwenda na mashati kwenye mfuko, nikakaa karibu na ukuta na pini zangu mdomoni, nijifanye nina kazi. Kamanda aliketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya ukumbi, miguu imetanuliwa. Alisema atachagua nyimbo kumi na mbili kati ya zile thelathini na mbili. Hakumwangalia Sindano usoni, alikuwa anaangalia sakafu, kama mtu anayesikiliza bomba linalovuja.

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Wa pili ukaenda. Kufika wa tano nilikuwa nimetoa pini mdomoni maana nilihofia nitameza. Alikuwa anafanya alivyoambiwa na muuzaji, vidole vitatu, mkono mzima unateleza juu na chini, na sauti zilikuwa zinafika mahali pake. Mpiga ngoma alitingisha kichwa, akamkonyeza. Wa saba, wa nane, wa tisa. Nikaanza kumwomba Mungu kwa majina yake yote ninayoyajua.

Wa kumi ulikuwa wa mbio. Kuna mahali besi inapanda ngazi haraka, sauti nne, na ya nne iko juu kabisa, na hakuna muda wa kusogeza mkono. Hapo kidole cha mwisho ndicho kinachotakiwa. Aliponyoosha, hakikufika. Akairuka sauti ile. Wimbo ukaendelea. Ukarudi palepale, akairuka tena. Mara ya tatu mimi mwenyewe nilikuwa najua shimo liko wapi, nikabana meno kabla halijafika.

Kamanda akanyanyua mkono. Wote wakanyamaza.

"Pale juu pana nini?"

"Pana sauti," Sindano akasema.

"Naijua. Iko wapi?"

Kamanda akasimama, akaenda mpaka alipo, akamshika mkono wa kushoto, akaugeuza. Alikibonyeza kile kidole polepole, si kwa ukali. Sindano akauma mdomo.

"Uliniambia umepona."

"Nilisema hivyo."

"Kitapona lini?"

"Sijui, Kamanda. Kinakuja. Wiki tatu zilizopita hakikuwa kinakunjika kabisa."

Kamanda akauachia mkono. Halafu akamwita Miwani, akampa besi. Wimbo uleule. Ngazi ile Miwani aliipanda mara tatu, sauti zote nne, safi, kama mtu anayepanda ngazi za kwao. Nilitaka akosee. Niliomba akosee, mtoto wa mwanamke mwenzangu, Mungu anisamehe. Hakukosea.

"Miwani atapiga," Kamanda akasema. "Sindano, mkataba si wangu, ni wa wenye hoteli. Mimi nikipeleka shimo wanaukata."

Hakuna aliyetania. Mpiga ngoma aligeuka akaanza kukaza ngoma ambayo haikuwa imelegea. Mimi nikainuka nimpokee mwanangu, nimtoe pale kabla hajaanguka. Sikuwa na haja. Alikuwa bado amesimama mbele ya Kamanda.

"Nipeleke hivyohivyo," akasema.

"Kufanya nini?"

"Nipakie vyombo. Nipakue. Nivute nyaya, nifunge spika. Watu wako wanalalamika migongo kila siku."

"Sina mshahara wa mtu wa nyaya."

"Sijataja mshahara. Chakula na mahali pa kulala. Besi ninayo yangu, nitafanya mazoezi njiani. Kidole kikiamka utanisikiliza tena. Kisipoamka hutanisikia."

"Gari limejaa."

"Nitakaa nyuma na vyombo."

Kamanda akanigeukia mimi, kama aliyetaka nimsaidie. Nami nilikuwa na maneno. Nilitaka kusema mwanangu si kuli, kwamba zile spika ni nzito kuliko yeye, kwamba kidole kilichovimba hakibebi masanduku, kwamba miezi sita bila mshahara, katikati ya watu wanaokumbuka ulivyoshindwa, ni adhabu na si safari. Sindano hakuniangalia. Nikaelewa kwamba safari hii alikuwa anafanya makusudi kutoniangalia.

"Kama anataka," nikasema.

"Ukichoka njiani hakuna nauli ya kukurudisha," Kamanda akamwambia.

"Sawa."

Waliondoka Jumatatu asubuhi. Ilikuwa lori dogo lenye turubai, na basi dogo la wapigaji wenyewe mbele yake. Nilimkuta ameshapakia, viganja vimeshika vumbi la spika, nywele zimejaa nyuzi za magunia. Mfuko wa besi niliushona usiku kucha kwa turubai ileile ya muuzaji, mishono mitatu. Lakini dubwana lenyewe lilikuwa halipati nafasi, maana kila pembe ilishajazwa, ikabidi alipakate, amekaa juu ya sanduku la nyaya, magoti yamebanwa na spika mbili.

Miwani alishuka kwenye basi akaja. "Mama, nimemwambia tubadilishane viti, amekataa."

"Atakataa," nikamwambia. "Wewe umwache. Ila akikosea, mwanangu, umsahihishe. Usimwonee huruma."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye basi.

Nikamwendea Sindano nyuma ya lori. Nilikuwa na sweta, dawa ya kuchua, na maagizo ya kutosha mwaka mzima. Nikamwekea sweta juu ya magoti. Hakuniona. Alikuwa ameshafungua zipu kidogo, mkono wa kushoto umeingia ndani ya mfuko, umeshika shingo ya besi, na vidole vinapanda ile ngazi ya wimbo wa kumi. Kimoja, viwili, vitatu. Kile cha mwisho kinanyooka, kinapapasa, kinakosa. Anarudi chini anaanza tena. Midomo inahesabu.

Lori likanguruma, likaanza kusogea. Wenzake kwenye basi walikuwa wananipungia mikono madirishani. Mimi mikono yangu niliibana kwapani. Ningempungia, ingembidi aache ili anipungie.